Kusoma Chuo Kikuu cha Umma Nje ya Jimbo Lako Marekani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Msamaha wa Ada na Skolashipu

Ukurasa huu ni wa wazazi na wanafunzi wanaozungumza Kiswahili walioko Marekani, wawe Louisville, Dallas, Boise, Minneapolis au Portland ya Maine, na pia wa ndugu zetu walioko nyumbani wanaopanga kuja kusoma. Kama una haraka, nenda moja kwa moja kwenye swali la hesabu, lile la binti aliyepata skolashipu ya dola 72,000. Hapo ndipo familia nyingi zinapoumia.

Kwa nini chuo kimoja kinawatoza wanafunzi wawili ada tofauti?

Chuo kikuu cha umma Marekani ni mali ya jimbo. Bunge la jimbo hukitengea fedha zinazotokana na kodi za wakazi, kwa hiyo mtoto wa mkazi hupunguziwa ada. Anayetoka jimbo jingine hutozwa bei kamili hata kama amezaliwa Marekani na babu yake pia alizaliwa Marekani.

Tofauti yenyewe ni kubwa. University of Michigan humtoza asiye mkazi zaidi ya dola 55,000 kwa mwaka kwa ada ya masomo peke yake, na mkazi hulipa karibu theluthi ya hizo. Kampasi za University of California huongeza malipo maalumu ya asiye mkazi juu ya ada ya kawaida. Kwa walioanza mwaka wa masomo 2025 ziada hiyo ilikuwa dola 37,602.

Zingatieni kwamba ukazi tunaouzungumzia hapa ni wa jimbo. Familia ya wakimbizi iliyoishi Kentucky miaka miwili, inayofanya kazi na kulipa kodi huko, ni wakazi wa Kentucky. Raia anayekuja kutoka Ohio si mkazi. Wazazi wengi hudhani watoto wao watatozwa ada ya wageni kwa sababu tu hawajapata uraia, wakaacha hata kuomba chuo cha jimbo lao wenyewe.

Msamaha wa ada na skolashipu vinatofautianaje?

Skolashipu ni fedha unazopewa zikaingia kwenye akaunti yako ya chuo na kupunguza deni. Msamaha wa ada haukupi fedha yoyote, bali chuo kinafuta sehemu ya kile kilichotaka kukutoza. Kwa anayetoka nje ya jimbo, msamaha unaotolewa mara nyingi zaidi ni ule unaofuta tofauti kati ya ada ya mgeni na ada ya mkazi. Ukiambiwa umesamehewa ada, uliza papo hapo: ada yote, au hiyo tofauti tu? Majibu hayo mawili yanaweza kuachana kwa dola elfu kumi na zaidi kila mwaka.

Na msamaha kwa kawaida hugusa ada ya masomo pekee. Kuna malipo mengine ya maabara, teknolojia, afya, michezo na mabasi ya kampasi, na vyuo vingine huongeza malipo kwa wanaosoma uhandisi, uuguzi au biashara. Hayo kwa kawaida hubaki palepale.

Kuna makubaliano kati ya majimbo yanayopunguza ada?

Yapo, na kwa maoni yetu ndiyo mlango ambao watu wetu wanaupita bila kuuona.

Magharibi kuna Western Undergraduate Exchange, maarufu kama WUE. Mwanafunzi kutoka majimbo wanachama, miongoni mwao Arizona, Idaho, Utah, Colorado, Montana, Washington, Oregon na California, akisoma katika chuo kinachoshiriki kwenye jimbo jingine la kundi hilo hatozwi zaidi ya asilimia 150 ya ada ya mkazi. Kama ada ya mkazi ni dola 8,000, yeye atalipa dola 12,000 au chini ya hapo, badala ya 25,000 au 30,000. Kijana wa Boise anaweza kwenda University of Montana kwa njia hii. Lakini si kila chuo kimo (University of Washington ya Seattle haimo), si kila kozi imo, na katika vyuo vingi nafasi zina kikomo. Kuna vyuo vinavyokupa bila kuomba, na vingine vinataka uombe kabla ya tarehe fulani. Usisubiri ukumbushwe.

Katikati ya nchi kuna Midwest Student Exchange Program, nayo ina kikomo hichohicho cha asilimia 150 kwa vyuo vya umma vinavyoshiriki. Minnesota ina makubaliano yake yenyewe na Wisconsin, North Dakota na South Dakota, na hata na jimbo la Manitoba nchini Kanada. Kwa Wakenya na Wasomali wengi walioko Minneapolis na St. Paul, maana yake ni kwamba chuo cha Wisconsin kinaweza kuwa na bei inayokaribia ile ya nyumbani. Fomu yake ni tofauti na fomu ya kuomba chuo, na ni ya bure. Kuna watoto wamelipa ada ya wageni kwa sababu tu hiyo fomu ya pili haikujazwa.

Kusini kuna Academic Common Market. Huu ni mzuri kuliko yote kwa bei, kwa sababu unalipa ada kamili ya mkazi, ila una sharti gumu: lazima kozi unayotaka isiwepo katika vyuo vya umma vya jimbo lako, na jimbo lako lithibitishe kwa maandishi kwamba wewe ni mkazi wake. Ukibadili kozi katikati ya safari, punguzo linaondoka. Baadhi ya majimbo ya kusini hayashiriki kabisa au yanashiriki kwa ngazi ya uzamili tu, kwa hiyo angalia jimbo lako kwanza.

Kaskazini-mashariki, yaani Maine, New Hampshire, Vermont, Massachusetts, Rhode Island na Connecticut, kuna mpango wa Tuition Break. Hapo kikomo ni asilimia 175 ya ada ya mkazi, na mara nyingi nao hutegemea kozi isiyopatikana kwenu.

Na kama jimbo langu halimo, au chuo ninachotaka hakishiriki?

Basi tafuta vyuo vyenye kanuni zao wenyewe. Tuanze na North Carolina. Kwa mpango wa NC Promise, ada ya masomo katika vyuo vinne vya umma ni dola 500 kwa muhula kwa mkazi na dola 2,500 kwa muhula kwa anayetoka nje ya jimbo. Vyuo hivyo ni Elizabeth City State, Fayetteville State, UNC Pembroke na Western Carolina. Dola 5,000 kwa mwaka, bila kushindania skolashipu yoyote! Elizabeth City State na Fayetteville State ni miongoni mwa vyuo vya kihistoria vya Wamarekani weusi. Tungependa kila mshauri wa sekondari anayehudumia watoto wetu aujue mpango huu.

Texas ina sheria inayosema kwamba mwanafunzi asiye mkazi aliyeshinda skolashipu ya chuo cha umma yenye ushindani, ya dola 1,000 au zaidi kwa mwaka, anaweza kuruhusiwa kulipa ada ya mkazi. Skolashipu ya dola 1,000 inaonekana ndogo, lakini inaweza kufungua punguzo la dola elfu nyingi. Wanaofaidika hawawezi kuzidi asilimia 5 ya wanafunzi wa chuo, kwa hiyo uliza ofisi ya skolashipu mapema: je, hii niliyopewa inaambatana na msamaha wa ada ya wageni? Si kila skolashipu ya dola 1,000 inahesabika. Inayohesabika ni ile iliyotolewa na kamati inayotambuliwa, na iliyoshindaniwa na wakazi wa Texas pia.

University of Maine, tangu mwaka wa masomo 2016, ina mpango wa kumtoza mwanafunzi bora wa baadhi ya majimbo kiasi kilekile ambacho angelipa katika chuo kikuu kikubwa cha umma cha jimbo lake. University of New Mexico nayo ina skolashipu iitwayo Amigo kwa wanaotoka nje ya jimbo, inayoondoa tofauti ya ada.

Mwanangu ana alama za juu sana. Kuna vyuo vinavyotoa skolashipu bila maombi ya ziada?

Vipo. University of Alabama ndio mfano unaotajwa zaidi: huchapisha jedwali lenye GPA (wastani wa alama za shule) upande mmoja na alama za ACT au SAT (mitihani ya kuombea chuo) upande wa pili, na ukikutanisha namba zako unaona utakachopewa. Zaidi ya nusu ya wanafunzi wake wanatoka nje ya Alabama, na jedwali hilo ni sababu mojawapo. Vyuo vingine kadhaa vya kusini vina majedwali ya aina hiyo.

Faida ya jedwali ni kwamba halikufichi kitu. Mwanafunzi wa darasa la kumi na moja anaweza kuona kwamba akipandisha ACT kwa alama mbili, skolashipu inapanda kwa dola elfu kadhaa kila mwaka. Kwa familia nyingi, kurudia mtihani huo ndio kazi yenye malipo makubwa kuliko kazi yoyote ya kiangazi. Wanafunzi wa familia zenye kipato kidogo wanaweza kuomba kusamehewa malipo ya mtihani. Mshauri wa shule ndiye anayeshughulikia. Hakikisheni pia kijana anafanya PSAT (mtihani wa kujiandaa na SAT) mwezi Oktoba akiwa darasa la kumi na moja, kwa sababu ndiyo njia ya kuingia National Merit, shindano la skolashipu la taifa, na vyuo kadhaa vya umma, Alabama kikiwemo, huwapa washindi wake ufadhili mkubwa sana.

Binti yangu amepata skolashipu ya dola 72,000 chuo cha jimbo jingine. Tumkubalie?

Hongereni sana. Sasa kaeni mezani na kalamu.

Barua huandika jumla ya miaka minne kwa sababu inapendeza macho. Dola 72,000 ni dola 18,000 kwa mwaka, yaani 9,000 kwa muhula. Tuchukue mfano wa chuo ambacho ada ya asiye mkazi ni dola 30,000. Toa 18,000, inabaki 12,000. Ongeza malipo mengine ya chuo 2,000, bweni na chakula 13,000, vitabu, bima ya afya na nauli 4,000. Jumla ni dola 31,000. Kama kipato cha familia ni kidogo na binti anapata ruzuku kamili ya Pell (fedha za serikali ya taifa zisizorudishwa), ambayo kwa mwaka 2025–26 ni dola 7,395, toa hiyo. Zinabaki dola 23,605 kwa mwaka mmoja.

Sasa chukua chuo cha umma cha jimbo lenu, kilicho umbali wa dakika 30 kutoka nyumbani. Tuseme ada na malipo mengine ni dola 12,000, vitabu na usafiri 3,000. Jumla 15,000. Toa Pell ileile 7,395, toa ruzuku ya jimbo, tuseme 3,000. Zinabaki dola 4,605.

Kwa miaka minne, chuo chenye skolashipu ya dola 72,000 kitawagharimu dola 94,420. Chuo kisichowapa skolashipu yoyote kitawagharimu dola 18,420. Namba hizi ni za mfano, wekeni zenu. Ila utaratibu ni huohuo: anza na gharama kamili ya kusoma, toa tu fedha zisizorudishwa, kisha linganisha kinachobaki. Mkopo usiutoe kamwe kwenye hesabu hii, hata kama barua imeuorodhesha pamoja na ruzuku.

Tunajua ilivyo. Barua imeshasomwa kanisani au msikitini, shangazi ameshapiga simu kutoka Bukavu, picha imeshazunguka WhatsApp. Kukataa kunakuwa kama kuaibisha familia. Hata hivyo, deni la chuo linamfuata mtoto mpaka atakapokuwa na watoto wake, na sisi tunaona ni bora mzazi aseme hapana mwezi Aprili kuliko binti kurudi nyumbani mwaka wa pili akiwa na deni na bila shahada.

Kwa hiyo kwenda nje ya jimbo hakufai?

Kunafaa pale hesabu inapokubali. Inakubali ukipata ufadhili unaolipa mpaka bweni na chakula. Ukiingia kwa WUE au NC Promise na gharama ya kuishi huko ni nafuu. Kozi yako isipokuwepo jimboni kwako. Au jimbo lako lenyewe likiwa ghali kwa wakazi wake, kama Pennsylvania, New Hampshire na Vermont. Inakubali pia ukiwa na mjomba au dada mkubwa karibu na chuo hicho ambaye utakaa kwake, maana bweni na chakula ndicho kipande kizito kilichobaki baada ya ada kufutwa. Lakini uliza kwanza: vyuo vingine humlazimisha mwanafunzi wa mwaka wa kwanza kukaa bwenini.

Ruzuku ya jimbo langu itanifuata?

Kwa kawaida haikufuati. HOPE ya Georgia hutumika katika vyuo vya Georgia, na programu nyingi za majimbo mengine ni hivyohivyo. Fedha za serikali ya taifa, yaani Pell na mikopo ya serikali, zinakwenda nawe hata jimbo jingine. Katika mfano wa juu, ruzuku ya jimbo ilionekana upande mmoja tu kwa sababu hiyo.

Mimi ni mkimbizi, au nasubiri kesi ya hifadhi. Naweza kupata msaada wa FAFSA, yaani fomu ya kuomba fedha za masomo za serikali ya taifa?

Wenye grini kadi, walioingia kama wakimbizi na waliokwisha kupewa hifadhi wamekuwa wakihesabiwa kuwa wanastahili, sawa na raia. Aliyeomba hifadhi na bado anasubiri uamuzi hapati fedha za FAFSA, hata kama ana kibali cha kazi. Mwenye DACA (kinga ya walioletwa Marekani utotoni bila hati) au TPS (hifadhi ya muda) peke yake pia hapati. Sheria hizi zinaguswaguswa sana siku hizi, hivyo soma maelekezo ya fomu ya mwaka unaoomba.

Anayesubiri hifadhi asikate tamaa. Skolashipu nyingi za vyuo zinazotolewa kwa alama haziulizi hadhi ya uhamiaji. Baadhi ya majimbo yana sheria zinazotazama shule uliyosoma: California, kwa sheria ya AB 540 ya mwaka 2001, humwondolea ada ya wageni aliyesoma huko miaka mitatu na kumaliza sekondari. Texas ilikuwa na sheria ya aina hiyo tangu 2001 kwa wasio na hati, na mahakama ya shirikisho ikaizuia Juni 2025. Usitegemee ulichosikia kutoka kwa aliyemaliza miaka mitano iliyopita.

Pengo lililobaki, mzazi anaweza kulikopea?

Mwanafunzi anayetegemea wazazi anaweza kukopa kwa serikali dola 5,500 mwaka wa kwanza, 6,500 wa pili, na 7,500 wa tatu na wa nne. Zamani mzazi aliweza kukopa Parent PLUS, mkopo wa serikali kwa wazazi, mpaka kufikia gharama yote. Kwa wakopaji wapya kuanzia Julai 1, 2026 kuna kikomo: dola 20,000 kwa mwaka na dola 65,000 kwa jumla kwa kila mtoto. Katika mfano wetu wa dola 23,605 kwa mwaka, mzazi angegonga ukuta kabla ya mwaka wa nne kuisha. Baada ya hapo hubaki mikopo ya benki, inayotaka mdhamini na yenye riba kali. Tafadhali msimwombe mtu wa jumuiya awe mdhamini kwa heshima tu. Anayetia saini anabeba deni lote mwenzake akishindwa.

Nikikaa huko mwaka mmoja nitakuwa mkazi?

Hili ndilo linalosemwa vijiweni, na kwa wengi si kweli. Majimbo mengi yanataka miezi 12 ya kuishi pamoja na ushahidi kwamba umehamia kwa kuishi, si kwa kusoma. Na kwa kijana anayetegemea wazazi, anayetazamwa ni mzazi: anaishi wapi, analipa kodi wapi. Kukodi chumba na kubadilisha leseni ya udereva hakutoshi. Mahakama Kuu ya Marekani iliamua mwaka 1973, katika kesi ya Vlandis v. Kline iliyotoka Connecticut, kwamba jimbo haliwezi kumnyima mwanafunzi milele nafasi ya kuthibitisha ukazi. Lakini mzigo wa kuthibitisha ni wako. Aliyeingia kwa WUE kwa kawaida muda huo hauhesabiwi kuwa wa ukazi.

Wanajeshi walioko kazini, wake, waume na watoto wao, pamoja na wanaotumia GI Bill (mafao ya elimu ya waliotumikia jeshi), wana haki ya ada ya mkazi kwa sheria za taifa. Wakenya walioko jeshini, hili linawahusu.

Nitumie anwani ya mjomba anayeishi jimbo hilo?

Hapana. Ofisi ya ukazi huomba fomu za kodi za wazazi, mkataba wa nyumba na rekodi za shule, na uongo huonekana. Chuo kinaweza kukurudishia deni la mihula yote iliyopita kwa bei ya wageni, na kwa asiye raia, kutoa taarifa za uongo kunaweza kuleta matatizo ya uhamiaji yanayozidi ada kwa mbali. Ila kama wazazi wametengana na mmoja anaishi kihalali katika jimbo hilo, majimbo mengi huruhusu ukazi kupitia yeye. Hilo ni jambo tofauti, liulizie.

Skolashipu ikishatoka, naweza kuipoteza?

Ndiyo. Masharti ya kawaida ni GPA ya 3.0, kusoma muda wote, na kikomo cha mihula minane. Soma vizuri idadi ya kredit (kipimo cha uzito wa masomo unayochukua): vyuo vingine vinataka 12 kwa muhula, vingine 30 kwa mwaka. Kijana anayeacha somo moja mwezi Oktoba kwa sababu ni gumu anaweza kushuka chini ya kiwango bila kujua. Ajenge tabia ya kupita ofisi ya msaada wa kifedha kabla ya kuacha somo, kubadili kozi au kuchukua muhula wa mapumziko. Masomo ya uhandisi na sayansi hushusha GPA ya mwaka wa kwanza, kwa hiyo linganisheni masharti: skolashipu ya dola 12,000 inayotaka 2.5 inaweza kuwa salama kuliko ya dola 15,000 inayotaka 3.5.

Nikipata skolashipu nyingine za nje, zinaongezeka juu ya hii?

Si lazima. Vyuo vingine hupunguza fedha zao kwa kiasi ulicholeta. Maryland ilikuwa jimbo la kwanza kuviwekea mipaka vyuo vyake vya umma katika hilo, mwaka 2017, na mengine yakafuata. Kwingineko, omba kwamba skolashipu ya nje ipunguze mkopo kwanza kabla ya kugusa ruzuku. Wengi hukubali wakiombwa.

Inatozwa kodi?

Sehemu inayolipa ada, malipo ya lazima na vitabu haitozwi. Sehemu inayolipa bweni na chakula inahesabiwa kuwa kipato.

Niko Dar es Salaam, Nairobi au Bujumbura. Haya yananihusu?

Kwa sehemu. Mwanafunzi wa viza ya F-1 hapati FAFSA, hawezi kwa kawaida kuwa mkazi kwa ajili ya ada, na hafanyi kazi zaidi ya saa 20 kwa wiki, tena ndani ya kampasi, wakati wa masomo. Kabla ya kupewa fomu ya I-20 (hati ya chuo ya kuombea viza) lazima aonyeshe fedha za mwaka wa kwanza; barua ya skolashipu inahesabika kama sehemu ya fedha hizo. Ile sheria ya Texas ya dola 1,000 inawahusu hata wageni wa kimataifa. St. Cloud State, Minnesota, imekuwa ikitoa skolashipu inayoshusha ada ya mwanafunzi wa kimataifa kwa sharti la kushiriki shughuli za kueleza utamaduni wa kwao. Ofisi za EducationUSA, huduma ya serikali ya Marekani ya ushauri wa masomo, zinashauri bure.

Kabla ya kulipa chochote, angalia hali ya viza. Amri za Marekani za mwaka 2025 ziliweka vizuizi kwa viza za wanafunzi kutoka Burundi mwezi Juni, na Tanzania ikaongezwa Desemba.

Na kwa shahada ya uzamili?

Huko mambo ni mazuri zaidi. Idara nyingi za vyuo vya umma humpa mwanafunzi kazi ya kufundisha au kusaidia utafiti, na kazi hiyo huja na msamaha wa ada pamoja na posho ya kila mwezi. Kiswahili chenyewe kimewasomesha watu: vyuo vya umma kama Ohio University, Indiana, Wisconsin–Madison, Kansas na Florida vimekuwa vikifundisha Kiswahili, na wanafunzi wa uzamili kutoka Tanzania na Kenya wamekuwa wakifundisha madarasa hayo huku wakisoma isimu, elimu, fasihi au masomo ya Afrika. Mwandikie mratibu wa Kiswahili na idara unayoomba mapema, kabla ya Desemba, ukieleza ulikofundisha na kozi unayolenga. Posho hutozwa kodi. Msamaha wa ada kwa wanaofundisha kwa kawaida hautozwi. Malipo mengine ya chuo yanaweza kukatwa kwenye posho yako, kwa hiyo uliza kiasi chake kabla ya kukubali.

Tarehe gani nisizipitwe?

FAFSA hufunguliwa Oktoba 1. Skolashipu nyingi kubwa za vyuo hufungwa kati ya Novemba 1 na Desemba 1, miezi mingi kabla ya tarehe ya mwisho ya kuomba chuo chenyewe. Anayeomba Februari anaweza kukubaliwa chuoni na skolashipu zikawa zimekwisha. Siku ya mwisho ya kukijibu chuo kwamba utakwenda kwa kawaida ni Mei 1.

Kuna kampuni inataka dola 400 ili itutafutie skolashipu. Tulipe?

Msilipe. FAFSA ni bure, fomu za WUE na Minnesota ni bure, na hakuna anayeweza kuahidi skolashipu. Mshauri wa shule na maktaba ya mtaa watawasaidia bila malipo, na mna haki ya kuomba mkalimani shuleni. Mtoto asiwe mkalimani wa mazungumzo ya fedha zake mwenyewe.

Fedha zimepungukiwa kidogo. Naweza kuwaomba waongeze?

Unaweza, na unapaswa. Andika barua pepe fupi kwa ofisi ya msaada wa kifedha kabla ya Mei 1. Taja jina, namba ya mwanafunzi na kozi. Eleza kilichobadilika tangu FAFSA ijazwe: baba amepunguziwa saa kiwandani, mama amejifungua, familia inatuma fedha za matibabu ya bibi Uvira. Ambatanisha ushahidi, kama hati za mshahara au risiti. Kama chuo kingine kimetoa zaidi, ambatanisha barua yake. Kisha taja kiasi kamili: ninahitaji dola 3,200 zaidi kwa mwaka ili niweze kuja. Ofisi inajibu vizuri zaidi ikiona namba kuliko ikiona maombi ya jumla. Barua iandikwe na mwanafunzi mwenyewe, na baada ya wiki moja apige simu kuuliza imefika kwa nani.